Sura ya Nne: Mvua, Malisho na Uhai wa Mifugo

Katika nyanda zinazoanzia kusini mwa Ethiopia na Somalia, zikapita Marsabit, Wajir na Garissa, zikateremka hadi Kajiado, Longido, Monduli na Simanjiro, hakuna jambo linalotawala maisha ya mtu na mnyama kama mvua. Mwaka wa huko una misimu miwili ya neema: masika, ambayo huanza Machi na kuisha Mei, na vuli, ambayo huanza Oktoba na kuisha Desemba, na baina ya misimu hiyo kuna miezi mikavu ambayo mfugaji hana budi kuivuka pamoja na kundi lake zima. Msimu mmoja ukikosa, mwenye busara hujifunga kibwebwe akasubiri wa pili. Miwili ikikosa kwa kufuatana, maziwa hukatika na ndama hufa. Mitatu ikikosa, mali iliyokusanywa kwa umri wa baba na babu hutoweka machoni pa watoto. Baina ya vuli ya mwaka 2020 na vuli ya mwaka 2022 misimu mitano ilifuatana pasipo mvua ya kutosha, dhiki ambayo mfano wake haukuwa umeonekana katika muda wa miaka 40, na katika nchi ya Kenya peke yake mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa.

Muradi wa sura hii ni kueleza jinsi hali ya hewa inavyomfikia mnyama, kwani haimfikii kwa njia moja, wala haimuui kwa namna ambayo mtazamaji wa mbali hudhani. Na katika kueleza hayo nataka kuthibitisha jambo moja ambalo naliona kuwa kubwa kuliko mengine yote: kwamba ukame ni amri ya mbinguni ambayo binadamu hana uwezo wa kuitangua, lakini maafa yanayofuata ukame, kwa sehemu kubwa, ni matokeo ya njia zilizofungwa, akiba isiyowekwa na hadhari iliyopuuzwa, na mambo hayo yote yamo katika uwezo wetu.

Tuanze na majani, maadam ndiyo asili ya maziwa, nyama na nguvu za mnyama. Jani changa linalochipua baada ya mvua huwa na protini nyingi, aghalabu zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake likisha kukaushwa. Likikomaa na kutoa mbegu, protini hupungua na nyuzi huongezeka. Na kiangazi kikikolea, jani lile lile lililokuwa chakula bora hubakia kuwa bua kavu ambalo protini yake huweza kushuka hata asilimia 3 au 4. Tofauti hiyo ina maana kubwa, kwa sababu ng'ombe hayeyushi chakula chake peke yake. Katika tumbo lake kuu wanaishi vijidudu wasio na idadi, ambao ndio wanaozivunja nyuzi za majani na kuzigeuza kuwa lishe, nao pia wanahitaji protini ili waishi na kuongezeka. Protini ya malisho inaposhuka chini ya asilimia 7 hivi, vijidudu hao hudhoofika, majani hukaa tumboni muda mrefu pasipo kuyeyuka, na mnyama hupoteza hamu ya kula. Kwa hiyo msafiri apitaye Simanjiro mwezi wa Septemba huweza kuona nyasi za rangi ya dhahabu zilizofika magotini, akamhesabu mwenye nchi ile kuwa tajiri wa malisho, ilhali ng'ombe aliyesimama katikati ya nyasi hizo anakonda siku baada ya siku na tumbo lake limejaa.

Maji huongeza mzigo juu ya mzigo. Ng'ombe mzima, katika joto la nyika, huhitaji lita 30 hadi 50 kwa siku, na mbuguma anayenyonyesha huhitaji zaidi. Madimbwi na mabwawa yakikauka, makundi yote ya tarafa hukusanyika penye visima vichache vilivyobaki. Malisho ya karibu na visima hivyo huliwa na kukanyagwa mpaka nchi ikabaki vumbi, na malisho yaliyosalia huwa mbali, mwendo wa kutwa nzima. Mchungaji hulazimika kunywesha siku moja na kuacha moja, au kuacha mbili, ili mnyama apate muda wa kuyafikia majani. Na mnyama asiyekunywa hali vizuri, na asiyekula vizuri hana nguvu za kurudi kisimani. Huo ndio mzunguko unaommaliza, na ndiyo sababu wapo ng'ombe wengi waliokufa ilhali maji yapo na majani yapo, ila umbali wa baina yake umekuwa mkubwa kuliko nguvu za miguu yao.

Dalili za mwisho zinajulikana na kila mtoto aliyekulia bomani. Manyoya hupoteza mng'ao na kusimama, ngozi ya mbavu hushikamana na mifupa, na mashimo ya nyonga huzama. Kisha huja asubuhi ambayo ng'ombe amelala zizini na hawezi kusimama. Hapo mwenye nyumba hushika mkia, vijana wawili hushika mabega, mwingine hupitisha mti chini ya kifua, na kwa sauti moja humwinua. Akisimama, miguu humtetemeka, naye hushikwa vivyo hivyo mpaka damu irudi miguuni, ndipo wanawake humletea matawi mabichi yaliyokatwa juu ya miti au maganda ya mgunga yaliyookotwa jana. Kazi hiyo hufanywa kwa kila ng'ombe aliyeanguka, alfajiri baada ya alfajiri, na watu ambao nao wamelala na njaa. Asiyepata kuiona asithubutu kusema kwamba mfugaji ni mtu mvivu anayetazama mali yake ikifa.

Wazee wa nyika, pasipo kusoma elimu ya tumbo la ng'ombe, walikwisha kuyajua haya, na ndiyo maana hawakuweka mali yao yote katika jinsi moja ya mnyama. Ng'ombe na kondoo hula nyasi, na hufa kwanza nyasi zinapokwisha. Mbuzi hula majani ya miti, na migunga, ambayo mizizi yake huteka maji chini sana, hubaki na majani na kuangusha maganda yenye lishe katika miezi ile ile ambayo nyasi zimekauka. Ngamia hustahimili kuliko wote: huweza kukaa zaidi ya siku 10 pasipo maji na bado akatoa maziwa, na hali ya joto la mwili wake hupanda mchana na kushuka usiku bila ya kumdhuru, hivyo hapotezi maji mengi kwa jasho. Kwa sababu hii Wasamburu wengi, ambao tangu zamani walijulikana kwa ng'ombe, wamejifunza kufuga ngamia kutoka kwa jirani zao Warendille na Wasomali, na wengine miongoni mwa Wamaasai wamewafuata. Mabadiliko hayo yanastahili heshima, kwani si jambo jepesi kwa kaumu iliyohesabu utu wake kwa ng'ombe kumpokea mnyama mwingine zizini mwake.

Joto nalo lina hukumu yake, na hukumu hiyo huwaangukia zaidi ng'ombe wa kigeni. Chakula kinapochacha tumboni hutoa joto, na kadiri mbuguma anavyotoa maziwa mengi ndivyo anavyokula sana, na ndivyo anavyozalisha joto ambalo hana budi kulitoa mwilini. Friesian, ambaye asili yake ni nchi za baridi za Ulaya, huanza kutaabika joto la hewa linapopita nyuzi 25 za selsiasi: huhema, hupunguza kula, maziwa hushuka, na fahali au mbegu ikipelekwa kwake mimba aghalabu haishiki. Ng'ombe wetu wa kienyeji mwenye nundu ana ngozi pana iliyolegea, ana vitokeo vingi vya jasho, na mahitaji yake ya chakula ni madogo. Maziwa yake ni machache, lakini huyatoa mahali ambapo mgeni yule angekufa. Ndiyo maana ng'ombe wa maziwa wa kigeni walifanikiwa kwanza katika nyanda za juu zenye ubaridi, Kiambu, Nyandarua, Kilimanjaro na Njombe, na huko Tanga, penye joto la pwani na unyevu unaozuia jasho kukauka, wafugaji walifanikiwa zaidi kwa kuwafuga machotara. Mwenye ng'ombe kama huyo katika nchi ya joto asimwonee: ampe kivuli kirefu chenye kupitisha upepo, asimpimie maji, na chakula kizito ampe alfajiri na usiku.

Huenda msomaji akadhani kwamba mvua ikisha kunyesha dhiki imekwisha. Sivyo. Ng'ombe aliyekonda hana mafuta ya kumlinda, na mvua ya kwanza ikinyesha usiku kucha pamoja na upepo wa baridi, huweza kuwaua kwa usiku mmoja wanyama waliovumilia miezi mingi ya jua. Wanaopona hukimbilia majani mabichi kwa pupa, na tumbo lililozoea mabua makavu hushindwa kuyapokea, likaharisha au likavimba kwa gesi. Na mvua ikizidi kiasi, huja balaa la namna nyingine. Ukame wa misimu mitano ulipokwisha, vuli ya mwaka 2023, iliyotiwa nguvu na El Niño na joto la maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi, ilileta mafuriko Mandera, Wajir, Garissa na bonde la mto Tana, na mifugo iliyosalimika na kiu ikachukuliwa na maji.

Fauka ya hayo, mvua nyingi huamsha maradhi yaliyolala ardhini, na mfano ulio wazi kuliko yote ni homa ya Bonde la Ufa. Maradhi hayo yalielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1931 na Daubney, Hudson na Garnham, baada ya kondoo kufa kwa wingi na kuharibu mimba katika shamba lililo karibu na ziwa Naivasha. Mbu wa jamii ya Aedes hutaga mayai katika udongo wa mabonde yanayotuamisha maji, na mayai hayo, ambayo huweza kurithi virusi kutoka kwa mama yake, hukaa katika udongo mkavu kwa miaka bila ya kuharibika; siku maji yakituama juu yake muda wa kutosha, mbu huanguliwa kwa mamilioni, na baadhi yao wameshachukua maradhi tangu kuzaliwa. Kondoo na mbuzi huharibu mimba zizi zima kwa wakati mmoja, wana-kondoo hufa kabla ya kutimiza juma, na binadamu huambukizwa kwa kuumwa na mbu au kwa kushika damu, nyama mbichi na kondo la nyuma la mnyama mgonjwa. Ndivyo ilivyokuwa Garissa na kusini mwa Somalia katika mvua kubwa za mwaka 1997 na 1998, na ndivyo ilivyokuwa tena mwaka 2006 na 2007, maradhi yalipotoka Kenya na Somalia yakaingia Tanzania.

Madhara ya mvua hizo hayakukomea mahali ziliponyesha. Mifugo ya Pembe ya Afrika hupakiwa majahazini na melini katika bandari za Berbera na Bosaso kwenda ng'ambo ya pili, na soko lake kubwa ni Saudi Arabia wakati wa Hija. Mwaka 1998 serikali ya nchi hiyo ilipiga marufuku mifugo hiyo kwa kuhofia homa ya Bonde la Ufa. Marufuku iliondolewa mwaka 1999, kisha ikarudishwa Septemba 2000, maradhi yalipozuka katika Saudi Arabia na Yemen zenyewe, na haikuondolewa hadi mwaka 2009. Familia ya mfugaji ambaye kondoo wake hakuugua hata mmoja ilikosa bei, ikakosa mchele na nguo, kwa sababu ya maji yaliyotuama katika mabonde ambayo labda haijapata kuyaona. La kusikitisha zaidi ni kwamba mwaka 2006 wataalamu waliokuwa wakitazama joto la bahari na ukijani wa nchi kwa setilaiti walitoa hadhari kabla maradhi hayajatambuliwa Garissa, lakini chanjo ya mifugo nchini Kenya ilianza Januari 2007, watu na wanyama wakiwa wamekwisha kuanza kufa. Hadhari ilitangulia, na mikono ya kuitumia ikachelewa.

Basi watu hawa waliishije karne zote hizo katika nchi ya namna hii? Jawabu lake ni kuhama kwa mpango. Mvua ya nyika hainyeshi sawasawa. Kijiji kimoja hupata na jirani yake akakosa, na anayefuga hapo hana tadbiri bora kuliko kuifuata. Kabla ya kuhamisha kundi, wazee hutuma vijana wakapeleleze, na kijana aliyefunzwa vyema haridhiki kuona nchi imekuwa kijani: hung'oa nyasi akaitazama aina yake na urefu wake, huuliza maji yatadumu hadi lini na kisima ni cha nani, huchunguza kama kuna kupe wa ndigana kali au vichaka vya mbung'o, na hupata habari za amani na za makundi mengine yaliyotangulia. Katika nyanda za Serengeti na Ngorongoro huangalia pia nyumbu wamezalia wapi, kwa sababu ndama wa nyumbu huchukua maradhi ambayo hayamdhuru yeye bali humuua ng'ombe. Hivyo katika miezi ya mwanzo wa mwaka, majani yaliyo bora kuliko yote huachiwa nyumbu, na ng'ombe hupandishwa milimani. Msimu wa mvua kundi hulishwa uwandani, na uwanda ukikauka hurudi penye mito, vinamasi na miinuko iliyoachwa makusudi. Mfumo mzima hutegemea sharti moja: kwamba malisho ya kiangazi yawepo, na njia ya kuyafikia iwe wazi.

Sharti hilo limevunjwa mara nyingi. Wamaasai walipokuwa hawajapona homa ya mapafu ya ng'ombe, sotoka, ndui na njaa zilizowapiga katika miaka ya 1880 na 1890, walifungishwa mapatano na serikali ya kikoloni ya Kenya, ya mwaka 1904 na ya mwaka 1911, wakaondolewa kwanza katika nchi ya Naivasha na Nakuru na kisha katika Laikipia, na zote mbili zilikuwa na maji na malisho ya kukimbilia wakati wa shida. Mwaka 1959 wenzao wa Tanganyika waliondolewa katika nyanda za Serengeti. Baada ya uhuru, ranchi za pamoja za Kajiado, zilizoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1968, ziligawanywa vipande vya mtu mmoja mmoja, vingi vikauzwa, vikazungushiwa uzio. Na katika Tanzania mashamba yameingia katika mabonde yenye rutuba ambayo ndiyo yaliyokuwa akiba ya mifugo. Kila hatua ilikuwa na hoja yake, na baadhi ya hoja hizo zilikuwa za haki. Lakini jumla yake ni kwamba mvua ya kiasi kile kile ambacho zamani kilileta shida, leo huleta maangamizi.

Kwamba mambo haya yanatengenezeka, Shinyanga ni shahidi. Wasukuma walikuwa na desturi ya ngitili, yaani kufunga sehemu ya malisho tangu mvua zianze mpaka kiangazi kikali, ili maksai wa jembe na ng'ombe dhaifu wapate chakula. Desturi hiyo ilikaribia kufa kwa ukataji wa miti na kuhamishwa kwa watu vijijini, na mkoa ukaelekea kuwa jangwa. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uitwao HASHI, ambao ulikuwa na hekima ya kuihuisha desturi ya wenyeji badala ya kuwaletea nyingine. Na katika muda wa miaka 20 hivi, zaidi ya hekta 300,000 zilirudishiwa nyasi na miti, pamoja na kuni, asali na dawa zilizokuwa zimetoweka.

Liko pia suala la bei, ambalo huua kimya kimya. Mwanzo wa ukame ng'ombe ana nyama na bei. Miezi minne baadaye wauzaji ni wengi, ng'ombe ni mifupa, na thamani yake hainunui hata gunia la mahindi, ambalo nalo limepanda. Mfugaji husita kuuza mapema kwa sababu hana yakini kwamba mvua itakosa, na mtamba akiuzwa leo si rahisi kumpata mwingine kesho. Ili kumwondolea dhiki hiyo ya kuamua gizani, ilianzishwa Marsabit mwaka 2010 bima ya mifugo inayopima ukijani wa malisho kwa setilaiti, na kumlipa mwenye bima malisho yanapokauka kupita kiasi, bila ya haja ya kuhesabu mizoga. Na huko Wajir bima ya namna hiyo, iliyofuata taratibu za takaful, yaani bima ya Kiislamu, ililipa wafugaji kwa mara ya kwanza mwaka 2014. Bima haioteshi majani wala haifungui njia, lakini fedha ikifika mapema hununua chakula na dawa kabla mnyama hajaanguka.

Mambo haya yana haraka kuliko zamani, kwa sababu dunia inazidi kupata joto, na joto hunyonya unyevu wa udongo na majani. Wataalamu waliouchunguza ukame wa 2020 hadi 2022 walihitimisha kwamba upungufu ule ule wa mvua, katika dunia isiyopashwa joto na binadamu, usingaliikausha nchi kwa kiasi kile. Mfugaji wa Wajir, ambaye moshi wake ni wa kuni chache za chai, analipa deni la viwanda vya watu wengine, na insafu inataka asaidiwe.

Kwa hiyo nausia hivi. Mfugaji auze madume na wanyama wazee msimu wa kwanza unapokosa, asingoje wa tatu; achanje kundi kabla ya mvua kubwa, na hadhari ya hali ya hewa aipokee kama apokeavyo habari ya kijana wake mpelelezi. Serikali za vijiji zipime njia za mifugo na malisho ya kiangazi, ziziandike, zizilinde kwa sheria kama zilindavyo barabara na shule. Na wewe msomaji wa mjini, unayekunywa maziwa na kula nyama ya nyika hiyo, usikubali kuambiwa kwamba kuhama kwa mfugaji ni ujinga unaongoja kufutwa, kwa maana mahali ambapo mvua haitulii, anayelazimishwa kutulia amehukumiwa kufilisika.